Fundi wa Mwanga aliyeniokolea kaseti yangu ya Cranberries

Wana Kigoma wenzangu, kama ndani una kaseti ya zamani unaogopa hata kuiwasha isije ikatafunwa, ipeleke kwa yule fundi redio wa nyuma ya soko la Mwanga. Yangu nimeichukua Jumamosi na tangu siku hiyo nyumbani hatusikilizi kitu kingine.

Ni albamu ya No Need to Argue ya The Cranberries, bendi ya roki ya Ireland, ile ya 1994, yenye picha ya wale wanne wamekaa kwenye kochi. Aliileta mjomba mwaka 1997, alikuwa dereva wa magari ya misaada ya makambi ya wakimbizi huko Kasulu, sasa kuna mzungu alimaliza mkataba akamwachia mfuko wa kaseti. Nyingine zote hazikutuingia, sisi nyumbani ilikuwa ni muziki wa Wakongo asubuhi mpaka jioni, lakini hii ilipoanza kuimba yule dada, Dolores O'Riordan, wote tuliacha kuchambua dagaa. Yani sauti inapanda, inakatika kooni, alafu inarudi juu tena kama mtu anayelia msibani na kuimba kwa pamoja. Kiingereza hatukuwa tunakijua hata.

Wakati ule shuleni nilikuwa nakaa deski moja na msichana kutoka Uvira, Kongo, familia yao ilivuka ziwa usiku kwa boti vita ilipoanza 1996. Akija kwetu ombi lake ni moja tu, wimbo wa Zombie. Ikiisha anasema rudisha, tunarudisha kwa kalamu ya biki ili tusimalize betri. Mimi nimekuja kujua maana yake ukubwani, kwamba Dolores aliiandika baada ya mabomu ya IRA, lile kundi la Ireland lililopigana na utawala wa Uingereza, pale Warrington, Uingereza, Machi 1993, yaliyoua watoto wawili, mmoja wa miaka 3 na mwingine wa miaka 12. Siku niliyosoma habari hiyo nilimkumbuka yule rafiki yangu nikashindwa kuendelea na kazi. Aliupenda wimbo wa watoto waliouawa na vita isiyowahusu na hakuna aliyekuwa amemwambia unahusu nini.

Sasa mwisho wa upande B, baada ya wimbo wa mwisho, kulikuwa kumebaki utepe mtupu kidogo, tukaziba kile kitundu cha juu kinachozuia kurekodi kwa karatasi na gundi tukajirekodi tunaimba Zombie kwa maneno yetu ya kubuni. Mimi na yeye. Mwaka uliofuata walihama na sijamsikia tena.

Ndio maana mafundi wawili wa kwanza waliponiambia "dada si udaunlodi tu, zipo zote" niliondoka. Huyu wa Mwanga hakusema hivyo. Aliniuliza ndani kuna nini ambacho hakipo mtandaoni, nikamweleza, akanyamaza kidogo alafu akasema "basi dada tusiijaribu kwanza, tuifungue". Akafungua gamba mbele yangu, utepe ulikuwa umejikunja mwanzoni na kile kisifongo cha kukandamizia kimedondoka, akauhamishia kwenye gamba la kaseti nyingine nzima, akasafisha hedi ya deki yake kwa pamba na spiriti, ndipo akaunganisha waya kwenye laptopu. Inarekodiwa kwa muda ule ule inavyocheza, hakuna njia ya mkato, kwahiyo ni karibu saa nzima kaseti moja na yeye anakaa pale na hedifoni. Alirudia upande B mara mbili sababu jirani yake aliwasha mashine ya kuchomelea ikaingia mlio.

Kasoro ipo. Ode to My Family ndio wimbo wa kwanza na mwanzo wake unazama zama pale utepe ulipokunjika, aliniambia mapema kwamba hapo hapatapona, na kweli. Ila Daffodil Lament, ile ndefu ya zaidi ya dakika 6, imetoka safi mpaka ngoma za Fergal Lawler unazisikia moja moja, na ule mvumo wa kaseti kauacha kama nilivyomuomba.

Dolores alifariki London tarehe 15 Januari 2018, ana miaka 46 tu. Wenzake walichukua sauti alizokuwa ameshajirekodi wakamalizia albamu ya In the End, ikatoka 2019. Nilimsimulia fundi hiyo habari tukiwa tunasubiri utepe ufike mwisho, akaniashiria ninyamaze, akanipa hedifoni. Tulikuwa sisi, tunacheka kabla ya kuanza kuimba.

Gharama 15,000 na fleshi unaenda na yako. Ilichukua siku 4. Nenda asubuhi kabla wachomeleaji hawajaanza, na gamba la zamani usimwachie, lile lenye karatasi yetu nimerudi nalo nyumbani.