Nilikodi meza kwenye maonesho ya katuni Mtwara ili niuze albamu yangu: uzoefu wangu

Nianze na hesabu, maana wasanii wenzangu najua ndicho mtakachouliza kwanza. Meza ya siku mbili, Jumamosi na Jumapili, nililipa shilingi 40,000. Flashi 30 zenye albamu zilinigharimu 180,000, vijitabu 60 vya kutoa kopi na kubana pini 54,000, bango 25,000, chakula na bajaji 20,000. Jumla 319,000. Nikauza flashi 23 kwa 12,000 kila moja, vijitabu 41 kwa 3,000, na watu 14 niliwawekea albamu kwenye memori kadi zao kwa 5,000. Mauzo 469,000. Mchoraji wangu akachukua fungu lake la 24,600, mkononi ikabaki 125,400 na flashi saba za akiba. Kwa mwimbaji asiye na lebo, anayeishi Chikongola na wala si Dar, hizo ni pesa za maana.

Albamu yenyewe ina nyimbo tisa, dakika 34, Kiswahili na Kimakonde cha bibi yangu wa Newala. Mtandaoni ipo, Boomplay na Audiomack, lakini huku kwetu watu wananunua bando la siku, na bando la siku linaishia WhatsApp. Miezi mitano nilikuwa naitembeza kwenye sherehe. Harusini wanataka wimbo mmoja wa kuwanyanyua watu vitini, na MC anaukata kabla haujafika katikati. Redioni nikapewa dakika tano, wimbo ukachezwa chini ya maongezi. Miezi yote hiyo hakuna mtu hata mmoja aliyenisikiliza kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa tisa. Jambo hilo liliniuma, kwa sababu nyimbo zile ni safari moja: msichana anatoka Newala na gunia la korosho, anashuka Mtwara mjini, anavuka maji kwenda Msangamkuu, anarudi mtu mwingine. Ukisikia wimbo wa tano peke yake utadhani ni wimbo wa mapenzi tu.

Rafiki yangu mchora katuni ndiye aliyeniambia kuna maonesho ya katuni yanafanyika ukumbini Shangani, na kwamba waandaaji wanapokea meza za wanamuziki pia. Nilisita. Katuni nilizokuwa nazijua ni zile za gazeti la Sani, nakala za mjomba zilizokwisha majalada, tukigombea nani amsome Ndumilakuwili kwanza na nani Lodi Lofa. Nilishasikia kwamba San Diego, Marekani, maonesho ya namna hii yapo tangu 1970, na Nairobi nao wana ya kwao. Lakini muziki unaingiaje hapo? Mtu amekuja kununua michoro, mimi namuuzia sauti?

Jibu nililipata Jumamosi kabla ya saa tano asubuhi. Msomaji wa katuni ukimpa kitu, anauliza kinaanzia wapi. Haanzi ukurasa wa saba. Watu walikuwa wanakuja mezani, wanashika kijitabu, wanasema, "Dada, wimbo wa kwanza upi?" Swali hilo sijawahi kuulizwa popote. Harusini naulizwa upi unachezeka. Pale nikaulizwa upi wa kwanza, na huyu msichana aliyechorwa hapa ndiye huyo huyo wa ukurasa wa mwisho? Nilihisi kama watu hawa nimewatafuta miezi mitano kumbe walikuwa wamekaa ukumbi wa jirani.

Kijitabu ndicho kilichofungua mlango. Kurasa 20, nyeusi na nyeupe, kila wimbo una maneno yake na, isipokuwa mmoja, picha mbili au tatu zinazofuatana. Sikutumia wahusika wa katuni za Kijapani ambao vijana wanawapenda, ingawa nilishauriwa nimweke mmoja kwenye jalada ili wavutike. Wale ni mali ya watu. Kama mimi mwenyewe nimeziandikisha nyimbo zangu COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ili zisichukuliwe, nitaanzaje kuchukua mhusika wa mwenzangu? Na rafiki yangu mchoraji tuliandikiana karatasi, hata kama tumekua mtaa mmoja: michoro inabaki yake, mimi naitumia kwenye albamu hii, mabango yake na vijitabu vyake tu, na kila kijitabu kikiuzwa anapata asilimia 20. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda yeye kama inavyonilinda mimi. Andikianeni, jamani. Urafiki wetu ni salama mpaka leo kwa ajili ya ile karatasi.

Sasa huduma yenyewe. Meza ilikuwa ya mbao, imara, na viti viwili. Kadi za kuingilia mbili, yangu na ya mdogo wangu aliyekuwa anashika pesa. Soketi moja. Ulinzi wa usiku ulikuwepo na asubuhi ya Jumapili nilikuta kila kitu mahali pake. Waandaaji waliomba nakala ya usajili wangu wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, wiki mbili kabla, jambo nililoliona la kistaarabu; kila aliyekuwa na meza ya muziki alikuwa msanii aliyesajiliwa.

Sharti moja lilinikera mwanzoni: marufuku spika. Wachoraji wanachora papo kwa hapo na wanahitaji utulivu, kwa hiyo mwanamuziki anatumia hedifoni mpaka zamu yake ya jukwaani ifike. Nikaazima hedifoni mbili kubwa za studio. Leo nasema sharti lile liliniuzia albamu kuliko bango. Mtu akishavaa hedifoni amekaa. Haongei na mwenzake, hatazami simu, na mkononi ana kijitabu.

Kulikuwa na kijana mmoja, nadhani wa kidato cha pili, aliyekuja amevaa deraya la maboksi alilolipaka rangi ya fedha. Begani yale maboksi bado yalikuwa na maandishi ya kiwanda yakichungulia chini ya rangi. Akavua kofia yake ya kadibodi ili hedifoni iingie, akaiweka chini ya meza taratibu kama yai, akakaa sakafuni ameegemea mguu wa meza. Alisikiliza wimbo wa kwanza kidole kikitembea kwenye picha. Wa pili. Wa tatu. Watu wakampita, wengine wakamruka miguu. Wimbo wa sita ulipoanza akafunua mbele, akarudi nyuma, akafunua tena. Akainua hedifoni sikio moja.

"Dada, huu wa kuvuka picha yake iko wapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba wimbo wa sita hauna picha kwa sababu hela ya mchoraji haikutosha nyimbo zote. Akanitazama kidogo, akarudisha hedifoni, akafumba macho. Ulipoisha akaniomba penseli. Nyuma ya karatasi ya tangazo akachora pantoni ya Msangamkuu, watu wamebanana na baiskeli na matenga, na mbele kabisa mwanamke amekaa juu ya gunia, mgongo umetugeukia. Mwanamke wa gunia nimemwimba, lakini kwamba ametugeuzia mgongo sijaimba popote. Ndivyo nilivyokuwa namwona kichwani nilipoandika wimbo ule kitandani kwa bibi.

Alikuwa na shilingi elfu mbili mfukoni. Shangazi yake alipokuja kumchukua akaongeza elfu moja, akabeba kijitabu. Nilimwomba shangazi ruhusa ya kuitumia ile picha toleo lijalo, kwa malipo na jina la kijana chini yake. Amekubali, na karatasi tumeandikiana vilevile.

Kasoro zipo, na nazisema kwa sababu nataka maonesho haya yakue. Jumamosi niliahidiwa jukwaa saa kumi na moja jioni. Nilipanda saa moja kasoro robo usiku, watoto wameshachukuliwa na wazazi wao, viti nusu vitupu. Niliwaimbia waliobaki kwa moyo wangu wote, ila waliokuwa wamekaa na hedifoni mchana walikuwa wanasubiri kuniona, na hawakuniona. Ratiba ya jukwaa iheshimiwe.

Jumapili umeme ulikatika saa nane hadi saa tisa na nusu, na jenereta hakuna. Hedifoni zangu zilikuwa kwenye simu, zikaendelea. Jirani yangu aliyekuwa anachapa picha kwa printa ndogo alipoteza saa moja na nusu ya wateja, na yeye alilipia soketi kama mimi. Feni zilipozima ukumbi ukawa tanuri, watu wakatoka nje kwa mama mmoja aliyekuwa anauza ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha chini ya mwembe. Nikachukua vijitabu nikawafuata. Nikauza 11 pale pale, watu wanamenya ming'oko huku wanasoma, mpaka mwandaaji mmoja wa maonesho akaja kuniambia nje ni kwa wauza chakula tu, nirudi mezani. Nilirudi, kanuni ni kanuni. Lakini umeme ukikosekana ndani, basi wenye meza turuhusiwe kufuata watu walipo.

La tatu ni tarehe. Mwezi wa nane mifuko ya Kusini imekauka. Minada ya korosho inaanza mwezi wa kumi, na malipo yakishaingia kwenye akaunti za wakulima hata kinyozi anajua. Nilipokea maneno haya mara nyingi kuliko hela: "Dada, ingekuwa korosho zimelipwa ningechukua mbili." Maonesho yangekuwa mwezi wa kumi na moja ningeuza flashi zote 30, nina hakika.

Wewe unayefikiria kukodi meza, chukua haya niliyojifunza. Flashi zilinunuliwa zaidi na watu wazima wenye mshahara. Vijana wana memori kadi na simu, kwa hiyo nenda na kompyuta mpakato na kisoma kadi tangu siku ya kwanza. Mimi niliianza huduma hiyo Jumapili tu, na Jumamosi nikawaacha wengi waondoke. Wimbo mmoja uwe wa bure, mrushie mtu kwa Bluetooth akiuomba, kisha mwambie ni wa ngapi kwenye safari. Beba chenji ya mia tano na elfu. Mtandao wa lipa namba ulikwama mara mbili. Beba betri ya kuchajia. Na kitambaa cha kufutia hedifoni kila anapobadilika msikilizaji, watu wanaliona hilo na wanakuheshimu.

Naipa huduma hii nyota nne kati ya tano. Ile moja ni ya jenereta na ratiba.

Mwakani nimeshalipia nusu. Nimeomba meza ile ile ya dirishani, yenye nafasi ya mtu kukaa sakafuni akanyoosha miguu bila kurukwa, na safari hii wimbo wa sita una picha.