Huduma ya maombi ya vyuo vikuu Tabora mjini: daftari lao ni zuri, simu yao si nzuri

Huduma ninayoitathmini inatolewa na steshenari moja iliyo karibu na Soko Kuu la Tabora, yenye kompyuta chache, mashine mbili za kutolea nakala na ubao wa bei uliotundikwa ukutani. Kila mwaka Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya kidato cha sita, kwa kawaida mwezi Julai, wahitimu na wazazi wao hujaa hapo tangu asubuhi ili waombewe nafasi katika vyuo vikuu vya umma pamoja na mkopo wa Bodi ya Mikopo. Nilikwenda na mpwa wangu, binti wa dada yangu anayelima tumbaku Sikonge, ambaye amemaliza tahasusi ya PCB akiwa na B ya Kemia, B ya Biolojia na C ya Fizikia. Familia ilikuwa na maswali mawili ambayo watu wengi huyafanya kuwa moja. La kwanza ni kwamba binti huyu ana uwezekano gani wa kuchaguliwa kusomea udaktari katika chuo cha serikali. La pili ni kama matokeo hayo yanatosha kumpatia ufadhili unaotolewa kwa ufaulu, ili mama yake asilazimike kuuza ng'ombe. Steshenari hii hulijibu swali la kwanza kwa umakini ambao sikuutarajia kwa bei wanayotoza. Swali la pili hulijibu ovyo.

Nianze na lile wanalolifanya vizuri. Kijana anayehudumia meza ya maombi ana kaunta buku ambayo ameichora kwa rula safu tatu. Safu ya kwanza ni kiwango cha chini cha kuombea kozi kama kinavyoandikwa katika mwongozo wa udahili unaotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu. Ya pili ni idadi ya nafasi ambazo chuo kimeruhusiwa kuzijaza katika kozi hiyo, ambayo nayo imo katika mwongozo huohuo ingawa waombaji wengi huipita bila kuitazama. Na ya tatu, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii, ni pointi za wateja wake wa miaka iliyopita, kozi walizoomba, na awamu ya udahili waliyochaguliwa au kukosa. Majina hayamo, pointi tu. Alipoifungua ukurasa wa udaktari, alimwonyesha mpwa wangu kwa ncha ya kalamu jinsi wenye pointi 6 na 7, kwa hesabu ya Tume ambayo namba kubwa ndiyo bora, walivyofuatana wakiwa na alama ya mkato, kisha akapanda taratibu hadi mahali ambapo alama za tiki zilianza kuonekana.

Ukurasa ule ulieleza jambo ambalo mwongozo peke yake hauwezi kulieleza. Sifa ya jumla ya kujiunga na shahada ya kwanza kwa mhitimu wa kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi zisizopungua 4, na kwa udaktari wa binadamu kinachotakiwa ni angalau D katika Fizikia, Kemia na Biolojia, yaani pointi 6. Mzazi anayesoma mstari huo, halafu akatazama pointi 11 za mwanawe, huona kama amevuka kwa mbali na huanza kupiga simu za pongezi. Lakini kiwango hicho kinampa mwombaji haki ya kushindana tu. Chuo hupanga waombaji wote waliovuka kiwango kuanzia mwenye ufaulu wa juu, na hukata pale nafasi zinapoisha. Kwa hiyo pointi ambazo kweli zinaingia darasani hutegemea walioomba mwaka huo, na kwa udaktari katika vyuo vya umma, ambako ada ni nafuu kuliko vyuo binafsi na waombaji ni wengi, mstari wa kukata huwa juu sana ya ule ulioandikwa.

Hapo kijana alitumia muda mrefu kwenye jambo linaloonekana dogo, na namsifu kwa hilo. Dada yangu alikuwa ameambiwa kijijini kwamba binti ana pointi 7, kisha mezani pale akasikia pointi 11, akadhani kuna udanganyifu. Zote mbili ni sahihi. Baraza la Mitihani huhesabu A kuwa 1, B kuwa 2 na C kuwa 3, hivyo mpwa wangu ana 7 na yuko daraja la kwanza, ambalo huanzia 3 na kuishia 9, na kadiri namba inavyopungua ndivyo matokeo yanavyokuwa bora. Tume ya Vyuo Vikuu huhesabu kinyume chake, A ikiwa 5, B ikiwa 4, C ikiwa 3, D ikiwa 2 na E ikiwa 1, na hapo namba kubwa ndiyo bora. Kijana aliziandika hesabu zote mbili kwenye kipande cha karatasi, akamkabidhi dada akimwambia, "Mama, ukifika nyumbani wasomee hii," na sikuona akitoza chochote kwa dakika zile.

Baada ya hesabu hizo ndipo likaja suala la kupanga machaguo, na hapa ndipo thamani ya huduma ilipo. Tangu mwaka wa masomo 2017/2018 mwombaji hutuma maombi moja kwa moja kwa kila chuo, tofauti na miaka ya nyuma ambapo udahili wote ulipitia mfumo mmoja wa pamoja, kwa hiyo kila chuo unachoongeza kinakugharimu ada yake ya maombi. Vipo vyuo vya umma kadhaa vinavyofundisha udaktari, kikiwemo Muhimbili, Chuo Kikuu cha Dodoma, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia ndaki yake ya Mbeya. Mpwa wangu alikuja na nia ya kuomba udaktari kila mahali na kitu kingine chochote asiombe. Kijana hakumkatalia, ila alimwuliza swali moja zuri: je, ukikosa udaktari awamu ya kwanza, uko tayari kurudi mwakani, au unataka uwe chuoni mwaka huu? Binti alipojibu kwamba hawezi kukaa nyumbani mwaka mzima, kijana alimshauri aache udaktari uwe chaguo la kwanza katika kila chuo, lakini chini yake aweke kozi ambazo pointi 11 zina nguvu ndani yake, kama uuguzi na sayansi ya maabara za tiba, na aongeze tiba ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Hilo la mwisho lilimchekesha dada, ambaye kwa maisha yake yote amekuwa akimwita mtaalamu wa mifugo kutoka mbali na kumlipia nauli, lakini binti mwenyewe alilichukua bila kusita.

Sababu ya ushauri huo ni kwamba awamu ya pili si marudio ya awamu ya kwanza. Kozi zilizojaa huondolewa, na zinazobaki ni zile ambazo nafasi zake hazikumalizika. Mtu aliyeweka karata zake zote kwenye udaktari katika awamu ya kwanza hurudi kukuta kile alichokitaka hakimo kabisa. Nina pingamizi moja tu juu ya kaunta buku ile, nalo si dogo. Wateja wa steshenari moja ya Tabora si waombaji wa nchi nzima, na wengi wao wanatoka katika shule zilezile chache za mji huu na wilaya zake, kwa hiyo safu ya tatu inafaa kukuonya na haifai kukuahidi. Kijana analijua hilo, lakini mwenzake wa zamu ya jioni, niliyemsikia akimhakikishia mteja mmoja kwamba "kwa pointi hizi umeshaingia", ama halijui au halimsumbui.

Sasa nije kwenye ufadhili, ambako sikuridhika. Ubaoni imeandikwa bei ya huduma ya "Samia Scholarship" mahali pamoja na bei ya kuskani na kutoa nakala, na binti aliulizwa kama anaitaka kabla ya mtu yeyote kutazama matokeo yake. Ufadhili huo ulianza mwaka wa masomo 2022/2023, hutolewa na serikali kwa wahitimu wa kidato cha sita wenye ufaulu wa juu kabisa katika tahasusi za sayansi, wanaodahiliwa katika kozi za sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba, na haurejeshwi. Wenye sifa hutambuliwa kutokana na matokeo ya mtihani wenyewe, kisha ndio hukamilisha taratibu kwa Bodi ya Mikopo. Kumwuzia huduma hiyo kila anayekaa kwenye kiti ni sawa na kumwuzia tiketi ya basi mtu ambaye hujamwuliza anakokwenda. Kijana wa kaunta buku, nilipomhoji, alikiri kwa upole kwamba daraja la kwanza la pointi 7 ni zuri lakini halimweki binti miongoni mwa wale wa juu kabisa, na akalifuta jina lake kwenye orodha ya huduma hiyo. Angeweza kulisema hilo mwanzoni.

Kosa kubwa zaidi la ushauri wao ni kuuchanganya ufadhili na uchaguzi wa chuo. Nilisikia mzazi mmoja akishauriwa ampeleke mwanawe chuo fulani kwa kuwa "huko ufadhili ni rahisi". Ufadhili huu hautolewi na chuo. Unatokana na matokeo yaleyale ambayo chuo nacho kinayatumia kuchagua, na kuhama kutoka Dodoma kwenda Muhimbili au Mbeya hakuuongezi wala hakuupunguzi. Ukitafakari vizuri utaona kwamba mwanafunzi mwenye ufaulu wa kuupata ndiye yuleyule asiye na wasiwasi mkubwa wa kuchaguliwa, wakati mwanafunzi wa kundi la kati, kama mpwa wangu, anapigania nafasi upande mmoja na fedha upande mwingine, na kwake yeye fedha itatoka kwenye mkopo. Mkopo haupimwi kwa wingi wa alama. Bodi hutazama uhitaji, yaani kama mwombaji ni yatima, ana ulemavu, au anatoka kaya inayonufaika na TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, pamoja na kipaumbele cha kozi aliyodahiliwa, na hugawa kwa mafungu: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti na mafunzo kwa vitendo. Mtu anaweza kupata fungu la chakula na malazi na kupewa sehemu tu ya ada. Na unarejeshwa, kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara kwa aliyeajiriwa, jambo ambalo dada yangu alilisikia kwa mara ya kwanza akiwa tayari ameshika kalamu.

Kwa familia kama yetu, basi, saa moja ya kuhakiki viambatisho vya mkopo ina faida kuliko wiki ya kuota ufadhili. Cheti cha kuzaliwa kinapaswa kuwa kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, majina katika vyeti yawe yanalingana, na fomu iwe na sahihi za viongozi wa kijiji na za wakili au kamishna wa viapo kabla ya kuskaniwa na kupakiwa. Steshenari hii huskani vizuri, kurasa zikiwa zimenyooka na mihuri ikisomeka, lakini haikagui yaliyomo. Cheti cha binti kilikuwa na herufi moja tofauti katika jina la baba na ni mimi niliyeiona.

Malalamiko yangu makubwa ni ya simu. Mtu asiye na baruapepe hufunguliwa akaunti kwa baruapepe ya duka, na namba ya simu inayoandikwa huwa ya mhudumu, kwa maelezo kwamba inaharakisha kazi. Kwa mwombaji hilo ni hatari ya wazi, kwa sababu aliyechaguliwa katika chuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja kwa kutumia namba maalumu anayotumiwa, ndani ya muda uliopangwa. Katika kiti cha pembeni yetu alikaa kijana wa Urambo aliyekuwa akiitafuta namba yake ya mwaka jana: ilitumwa kwenye simu ya mhudumu aliyekwisha kuacha kazi, na muda wa kuthibitisha ulipita akiwa shambani. Mwenye duka alimsikiliza kwa heshima na kumpa kiti, lakini hakuwa na la kumpa zaidi ya hapo. Sisi tulikataa mpango huo, binti akafunguliwa baruapepe yake mwenyewe hapohapo, neno la siri likaandikwa nyuma ya daftari lake, na kazi haikuchelewa hata kidogo.

Bei ni shilingi 5,000 kwa kila chuo na 10,000 kwa maombi ya mkopo, mbali na ada za vyuo na ya Bodi yenyewe, ambazo unazilipa kwa namba ya malipo kupitia simu yako. Usimpe mhudumu fedha taslimu akulipie. Zamu ya asubuhi ndiyo ya kijana mwenye kaunta buku, na ni bora kumsubiri yeye hata foleni ikiwa imefika nje kwenye mwembe kuliko kuhudumiwa haraka jioni. Kubadili namba ya simu kwenye akaunti iliyokwisha kufunguliwa wanatoza shilingi 2,000 hata kama namba iliyowekwa ilikuwa yao, na risiti usipoidai kabla ya kuinuka hutaandikiwa.