Shogi la ukili au la gunia? Vifaa vya punda wa mizigo Lamu, vikipimwa kwa sheria

Anayenunua vifaa vya punda Lamu ana njia mbili. Kuna shogi, yaani mfuko wa mizigo unaoning'inia pande zote mbili za punda, la ukili (mikanda ya miyaa) lililosukwa kwa mkono, na kuna lile la haraka linaloshonwa kwa magunia ya nailoni ya mchele au sukari. Chini ya shogi huenda tandiko, ama la mito iliyojazwa usumba (nyuzi za kumbi la nazi), ama gunia kuukuu lililokunjwa. Tumeviangalia vyote kwa mambo matatu: namna vinavyobeba, namna vinavyodumu, na namna vinavyomwacha mwenye punda mbele ya Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Hilo la mwisho wauzaji hawaligusi, na ndilo linaloamua.

Sheria yenyewe haitaji shogi wala tandiko. Inataja yale yanayotokana navyo: kumbebesha mnyama kupita kiasi, kumpiga, kumnyima chakula au maji, kumtumikisha hali hafai kazi kwa ugonjwa, jeraha au uzee. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Faini hiyo imepitwa na wakati, ni kama bei ya mifuko michache tu ya saruji. Kifungo hakijapitwa. Tena mwenye punda hajikingi kwa kusema ni kijana wake aliyempakia. Asipochukua hadhari ya kutosha na kumsimamia anayemtumia mnyama, sheria humhesabu kuwa ameuruhusu ukatili. Kidonda cha mgongoni kinapita mchana kweupe kutoka mtaa wa Langoni hadi wa Mkomani, na hakihitaji shahidi mwingine.

Tuanze na tandiko, maana shogi zuri juu ya tandiko bovu ni kazi bure. Tandiko linalofaa ni mito miwili, mmoja kila upande wa uti wa mgongo, iliyounganishwa kwa vipande viwili vya turubai, kimoja mbele na kimoja nyuma. Kati ya mito lazima ubaki mfereji wa upana wa vidole vinne, mzigo usiguse mfupa hata kidogo. Mtihani ni rahisi: mvishe punda, pakia, kisha chungulia kutoka nyuma, usawa wa mkia. Ukiona mwanga ukipenya hadi mabegani, tandiko ni zima. Usipouona, mito imelala na uti ndio unaobeba.

Usumba wa nazi tunaupa alama za juu. Unapitisha hewa, haushiki maji kwa muda mrefu, na ukibanwa hurudi. Ila uchambuliwe vizuri. Fundi mvivu huacha vipande vya kumbi gumu ndani, na kimoja tu cha ukubwa wa ncha ya kidole hutoboa ngozi kwa siku chache. Kabla ya kulipa, pitisha kiganja kwa nguvu upande unaogusa punda, kisha upande wa pili. Mito iliyojazwa vitambaa au mifuko ya plastiki usiichukue hata kwa bei ya kutupa. Vitambaa hulowa jasho, hujikusanya pembeni na kuacha katikati patupu. Gunia lililokunjwa ni baya kupita yote: halina mfereji, nailoni hainyonyi jasho, na mkunjo wake huchora mstari mgongoni, mstari ukawa mchubuko, mchubuko ukawa kidonda cha miezi.

Shogi sasa. La ukili ni gumu kiasi, midomo yake hukaa wazi wakati wa kupakia, na kingo zake hazikati. Ubaya wake ni bei, na maji ya chumvi hulimaliza mapema lisiposuuzwa. Kijiji cha Kipungani wanajua kusuka, na anayetaka shogi la kudumu huagiza ukili mpana wenye mshono wa kubana, chini ukiwa maradufu. La gunia ni jepesi na rahisi kupatikana, lakini kasoro yake kubwa ni ukubwa. Gunia la mchele la kilo 50 lina nafasi ya lita 60 hivi, yaani madebe matatu. Mchanga mkavu debe moja unapita kilo 30, ukilowa unakaribia 40. Mtu akijaza gunia nusu tu kila upande, ameshaweka kilo 90 juu ya mnyama ambaye mwenyewe pengine ana 120.

Kipimo cha tahadhari ni theluthi ya uzito wa punda. Kwa wa kilo 120 ni kilo 40, basi. Ndiyo sababu shogi tunalolisifu ni dogo, mfuko wake ukichukua nusu debe na usiweze zaidi: kilo 32 hivi za mchanga mkavu pande zote mbili, 40 ukiwa umelowa. Mitungi ya maji ya lita 20 miwili, ikifungwa mmoja kila upande bila shogi, ni kilo 40 hivi, nayo iko ndani ya kipimo. Minne ni mzigo wa punda wawili. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ni wa punda mkubwa wa kilo 150, mmoja tu, mwenye mito minene. Hakuna punda aliye mdogo, mwenye mimba kubwa au aliyekonda anayestahili kuubeba. Matajiri wa ujenzi hulalamika kwamba safari zinakuwa nyingi. Ni kweli zinakuwa nyingi, na gharama hiyo iingie kwenye makubaliano ya kazi tangu mwanzo, isikatwe kwenye mgongo wa punda.

Ukubwa una jambo lingine ambalo mtu wa bara halifikirii. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, na shogi lililotuna hukwaruza ukuta. Likinaswa upande mmoja, tandiko zima huzunguka, mfereji unahama na mto mmoja unapanda juu ya uti. Kijana hulirudisha kwa kulivuta shogi, tandiko likabaki limepinda. Kinachotakiwa ni kuteremsha mzigo, kulegeza na kutandika upya.

Kamba za nailoni hatuzipendekezi popote zinapogusa ngozi. Ya tumboni iwe mkanda bapa wa upana wa vidole vitatu au zaidi, upite nyuma ya viwiko vya mbele pasipo kuvigusa. Ya chini ya mkia ndiyo inayokata zaidi, na Lamu isivyo na milima, punda wengi hawaihitaji kabisa mkanda wa tumbo ukifungwa sawasawa. Anayelazimika kuitumia aizungushie kitambaa cha pamba kilicho safi, akibadilishe kila kikichafuka.

Baada ya kazi vua tandiko na usome jasho kabla halijakauka. Ngozi iliyolowa sawasawa ni habari njema. Sehemu iliyobaki kavu katikati ya jasho ndiyo inayobanwa, na usumba wa hapo upunguzwe. Manyoya meupe yaliyoota peke yao mgongoni ni alama ya mbano wa zamani. Ukinunua punda mwenye hayo, pima tandiko lake upya. Pakiwa na mchubuko, punda apumzike hadi ngozi ifunge, kwani kumtumikisha mnyama asiyefaa kazi kwa jeraha ni kosa kwa maneno ya sheria yenyewe. Majivu na oili chafu visipakwe. Kliniki ya punda iliyoko ufukweni, inayofanya kazi tangu 1987, hutibu bila malipo, kwa hiyo kisingizio cha gharama hakipo.

Uamuzi wetu: tandiko la usumba lenye mfereji, nunua. Shogi la ukili la nusu debe, nunua ukimudu. Shogi la gunia linakubalika kwa sharti moja, likatwe na kushonwa upya mfuko usipite nusu debe, na ukingo wa juu upindwe usikate ubavu. Gunia la kukunja liache dukani. Vyote visuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila jioni baada ya kubeba mchanga wa pwani, vianikwe kivulini, na mito ifumuliwe, usumba uchambuliwe na kujazwa tena pindi mfereji unapopungua hadi vidole vitatu.