Kliniki ya TB: dawa safi, lakini dirisha la kadi ni fedheha tupu

Leo wacha niseme maana nishachoka kunyamaza. Nimetibiwa TB kwenye kliniki moja ya serikali hapa Mombasa, siitaji jina, na ungeniuliza ile miezi ya mwanzo ningekwambia nenda hata sasa hivi, watu wazuri. Sasa sijui nikwambie nini.

Ilikuwa siku ya chanjo za watoto, mabenchi yamejaa mpaka mlangoni, na mimi nimefuata dawa zangu tu. Nikampa kadi yule mama wa dirishani, nikamwambia kwa adabu, shikamoo mamangu, naenda kwa sista chumba cha ndani. Hata shikamoo hakuiitika. Akaishika ile kadi kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota panya aliyekufa, halafu akapaza sauti: "Wa TB kaeni kule nje! Mwaja kuwaambukiza watoto wa watu hapa!"

Wallahi benchi zima liligeuka. Na kwenye hilo benchi yuko jirani yangu kampakata mtoto, yule yule ambaye kila asubuhi huja kwangu kuchukua mahamri na mbaazi. Mimi ndiyo kazi yangu hiyo, mahamri, ndiyo inayolipa nyumba na skuli. Jioni yake mtaa mzima washajua, na kesho yake beseni limerudi ndani karibu lote.

Na alichosema hata si kweli! Wakati huo nilikuwa nishamaliza miezi miwili ya zile tembe zenye dawa nne ndani yake, niko kwenye ile miezi minne ya dawa mbili, makohozi yamepimwa tena yakatoka safi. Mtu akimeza dawa inayomfaa, baada ya wiki mbili tatu hivi kwa kawaida haambukizi tena. Tena TB haipiti kwenye sahani wala kwenye unga, inapita kwa hewa, mgonjwa ambaye hajaanza dawa akikohoa mahali pamejifunga. Kwa hivyo wa kuwahiwa, apewe maski na akae penye upepo, ni yule anayekohoa ambaye hajapimwa, na apelekwe polepole bila kutangazwa.

Na alikuwepo. Kijana mwembamba, mitulinga imetokeza, kashika kikopo chake cha makohozi, anakohoa kwenye mkono wa shati. Ile kelele ilipopigwa akakisukuma kikopo chini ya benchi akaondoka zake. Sijui kama alirudi. Hii ndiyo inayoniuma kuliko mahamri, kwa sababu ndani pale kuna mashine ya GeneXpert ambayo kwa kama saa mbili inajua una TB na kama rifampicin, moja ya zile dawa kuu za TB, itakufanyia kazi, dawa zenyewe hulipi hata ndururu, na vyote hivyo mtu hakuvifikia kwa sababu ya mdomo wa mtu mmoja dirishani.

Sista wa ndani lakini, Mungu ambariki. Yeye ndiye alinambia mapema nisishtuke nikiona mkojo wa rangi ya machungwa, ni ile rifampicin. Mwanangu mdogo naye wakamwita, wakampima, wakampa dawa za kuzuia, zile za watoto zinazoyeyuka kwenye maji na zina utamu kidogo. Kenya ndiyo ilikuwa nchi ya kwanza kuzitumia dawa za kutibu TB ya watoto za namna hiyo nchi nzima, 2016, na mimi nilijivunia kweli kusikia hivyo. Na mama CHP, yule mhudumu wa afya ya jamii wa mtaani kwetu, akija kuniangalia kama nameza, anakuja na sahani yake kama mteja, ananunua, tunaongea pembeni, hakuna aliyejua kitu. Miezi yote hiyo ametunza siri yangu, na mwenzake akaimwaga kwa sentensi mbili.

Nilienda kwa inchaji, msimamizi wa kliniki. Nilidhani ataitwa aonywe. Akanambia ati, "Mvumilie tu dada, ndivyo alivyo." Ndivyo alivyo! Basi mhamisheni mkamuweke stoo ahesabu makaratasi, kwani lazima awe pale mbele? Mtu akitoroka katikati ya dawa ugonjwa unaweza kuwa sugu, anarudi na TB ambayo zile dawa za kawaida haziiwezi, mtamwambia pia avumilie?

Nilitaka kusema msiende. Siwezi kusema hivyo, nimepona kifua na nimenenepa tena. Kama una kikohozi kimevuka wiki mbili, usiku unatoka jasho, nguo zinakupwaya, nenda, tena leo. Ila dirishani usitaje kitu, sema unamtaka sista tu.

Na yule mama kama anasoma hapa, mahamri yangu nauza kila siku baada ya alfajiri. Alinitangaza mbele za watu, basi aje anunue na ale mbele za watu hao hao.