Mkanda wa barafu wa goti: nimeutumia wiki 3 baada ya opareshen ya ACL (ile ligamenti ya katikati ya goti)

Goti liliniachia uwanjani Camp Toyoyo mechi ya Jumapili, niligeuka tu mguu ukabaki, nikaskia ko! MRI ikasema ACL imekatika. Kwa opareshen wakachomoa kano ya nyuma ya paja wakatengenezea ligamenti mpya, kwa hivyo hata paja linauma, na hiyo sikuwa nimejipanga nayo kabisa.

Usiku wa kwanza usikudanganye. Wanakudunga ganzi ya neva, mguu unakuwa gogo, mimi nikajiona shujaa nikakataa dawa nikakula chapo nikalala. Saa tisa usiku ganzi ikaisha. Vile nilipiga nduru mama alidhani tumeingiliwa na wezi. Fizio, yule wa mazoezi ya viungo, akaniambia kumbe dawa unameza ganzi ikiwa bado iko, usingoje mpaka iishe.

Sasa mkanda. Niliununua 2,500 huko tao, unakuja na jeli mbili za kueka kwa friza na velikro ya kufunga. Eka kitambaa kwanza, usiguze ngozi, dakika 20 tu. Mwanzo baridi inachoma alafu goti linanyamaza, haswa ukitoka kwa yale mazoezi ya kunyoosha mguu, hapo nitausifu kabisa. Lakini dakika ya 15 jeli imeshapoa moto wake wa baridi, sijui nisemeje, imekuwa uji. Velikro imeanza kutoka nyuzi, na ile wiki ya bandeji nene haikuwa inafika, tulifunga na leso ya mama. Alafu stima ikipotea huku Umoja hauna mkanda, una mto.

Na usidhani unachukua nafasi ya dawa. Mimi niliandikiwa parasetamo 2 kila masaa 6 na tramadol (dawa kali ya maumivu) ya usiku, hiyo tramadol ilinifunga choo siku 4, kunywa maji na ukule papai mapema. Mto nao eka chini ya kisigino sio chini ya goti, goti likizoea kukunjwa kulinyoosha ni vita.

Nyota 3 kwa 5. Paketi ya minji ya friza ya supa inalalia goti vizuri kuliko hii jeli na ni bei ya chini sana, shida yangu ni moja, juzi nimeitafuta nikaikuta kwa sufuria na waru.