Kipoza cha Noctua NH-U12S kwenye kompyuta ya mwaka 2014: uzoefu wangu

Kompyuta yangu ya mezani niliiunda mwenyewe mwaka 2014: prosesa ya Intel Core i7-4790K, RAM (kumbukumbu ya muda) ya DDR3 GB 8, hadidiski ya kuzunguka na kadi ya michoro ya GTX 970. Imenifanyia kazi nyingi. Miezi kadhaa iliyopita ikaanza kunichosha. Nikiwa nahariri video feni zinanguruma, kishale cha kipanya kinaganda, na baada ya dakika kumi hivi kila kitu kinajikokota. Nikajua imezeeka, na nilikuwa nimeshaanza kuandika orodha ya vipuri vya mashine mpya.

Kilichonisimamisha ni kipimo cha joto. Nilifungua programu ya kupimia nikaiacha pembeni ya skrini wakati video inachakatwa: nyuzi 99, 100, 99, 100. Prosesa hii ikifika nyuzi 100 hujipunguzia kasi ili isiungue, na yangu ilikuwa imeshuka hadi GHz 3.4 wakati kasi yake ya kawaida ni GHz 4.0. Nguvu ilikuwepo yote, ila imekabwa koo.

Nikafungua ubavu wa kasha. Vumbi juu ya feni ya prosesa lilikuwa la kawaida tu, unalifuta kwa brashi. Balaa lilikuwa chini yake. Nilipoiondoa feni nikakuta vumbi limeshikamana juu ya mapezi ya alumini kama kipande cha blanketi la kijivu, nikalibandua lote kwa vidole viwili likatoka zima bila kukatika. Hewa ilikuwa haipiti kabisa. Na kati ya vile vibano vinne vya plastiki vilivyoshikilia kipoza cha awali (mapezi na feni yake, kinachoondoa joto la prosesa), kimoja kilikuwa kimechomoka, kona ile imeinuka, na pesti ya kupitishia joto, iliyokuwa kati ya kipoza na prosesa, imekauka na kupasuka kama matope ya kiangazi.

Nilisafisha, nikafuta pesti ya zamani kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, nikaweka mpya, nikabana upya. Joto likashuka hadi nyuzi 88 kwa kazi ileile. Hapo nilikuwa bado sijanunua kipoza kipya. Kwa hiyo wewe unayetaka kununua chochote, anza hapa. (Ukipuliza vumbi kwa hewa ya kopo, shika mabawa ya feni kwa kidole yasizunguke, yakizungushwa kwa kasi ile, beringi zake zinaweza kuharibika.)

Nyuzi 88 ni salama kwa prosesa hii lakini kelele ilikuwa bado ileile, ndipo nikachukua NH-U12S ya kampuni ya Noctua. Ni kipoza cha hewa chenye feni moja ya milimita 120, urefu wake ni milimita 158, kwa hiyo pima upana wa kasha lako kwanza. Niliogopa kingegusa RAM, maana vipoza vikubwa vingi hufunika nafasi za karibu. Hiki ni chembamba, nafasi zote nne zimebaki wazi, na RAM naweza kuitoa bila kukigusa kipoza.

Kufunga kwake ndiko kulikonipendeza kuliko kitu kingine. Unaweka bamba la chuma nyuma ya madabodi (ubao mkuu wa kompyuta), vyuma viwili mbele, halafu kipoza kinakazwa kwa skrubu mbili zenye springi. Unazungusha hii kidogo, unahamia ile, unarudi, mpaka zinagota zenyewe. Huna wasiwasi kwamba umekaza mno au umelegeza. Pesti yake imo ndani ya sanduku. Kero yangu ni waya za kushikilia feni: ndani ya kasha lenye giza, mkono mmoja ukiwa umebanwa na pawasaplai (kifaa cha umeme), nilihangaika nazo karibu robo saa. Rangi ya kahawia wengine hawaipendi, mimi kasha langu halina kioo.

Joto likawa nyuzi 76. Nilitarajia zaidi, kusema kweli. Siku mbili baadaye nikagundua kosa ambalo huenda limekuwepo tangu 2014. Nilishika kipande cha karatasi laini kwenye matundu ya nyuma ya kasha, nikitegemea kipeperuke nje. Kikavutwa ndani kikanata. Feni ya nyuma ilikuwa inaingiza hewa na kusukumana na feni ya prosesa iliyokuwa ikielekea hukohuko. Niliigeuza. Mbele zinaingiza, nyuma inatoa, hewa inapita njia moja. Nyuzi 71.

Halafu ikaja hadithi ya betri. Saa ya kompyuta ilikuwa inarudi nyuma kila nikizima umeme ukutani, kwa hiyo nilibadilisha ile betri ndogo ya CR2032 kwenye madabodi. Kuwasha tu, joto limepanda tena hadi 80. Mapigo ya moyo yalinienda mbio. Kumbe mipangilio yote ya BIOS (programu ya ndani ya madabodi inayoanzisha kompyuta) ilikuwa imefutika, na madabodi yangu ikiachiwa ijiamulie inavikimbiza viini vyote vinne vya prosesa kwa GHz 4.4 na volti za juu kuliko inavyohitajika. Kwa kawaida 4.4 ni ya wakati kiini kimoja au viwili vina kazi. Vikifanya kazi vyote vinne ni 4.2. Nilizima kipengele hicho, nikashusha volti kidogokidogo huku nikijaribu kwa saa nzima kila hatua. Sasa ni nyuzi 64, na feni siisikii mpaka nisogeze sikio.

Video niliyokuwa naipimia ilichukua dakika 48 mwanzoni. Sasa ni 39, kwa prosesa ileile.

Baada ya joto kutulia ndipo nikaongeza vingine. SSD ya SATA (diski isiyozunguka) ndiyo unayoihisi kila dakika: inasoma kama MB 550 kwa sekunde, na programu ya kuhariria inafunguka kabla sijavuta kiti vizuri. RAM nimeifikisha GB 16, kishale kimeacha kuganda. Pawasaplai nayo nimebadilisha ingawa ya zamani haikuwa na tatizo. Kifaa kinachopitisha umeme kwenda kwa kila kitu sitaki kukisubiri kiharibike. Kadi ya michoro nimeiacha, nimeipulizia vumbi tu, inanitosha kwa video za HD.

Upande wa mfumo, prosesa ya kizazi cha 4 haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa rasmi na Windows 11, na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Nimehamia mfumo wa Linux Mint na nahariri kwa programu ya Kdenlive. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu kwa sababu vidole vilizoea njia za mkato za programu ya zamani. Sasa vimezoea hizi.

Je, NH-U12S ilistahili? Kwangu ndiyo, hasa kwa utulivu. Kama kazi yako ni kuandika na kuvinjari tu, usafi na pesti mpya vinakutosha, usinunue. Lakini kama unachakata video au unaacha mashine ikifanya kazi usiku, nunua, na usiifikirie kama pesa inayozikwa kwenye mashine kuukuu: Noctua hutoa vifungio vya soketi mpya (soketi ni tundu la prosesa kwenye madabodi) bila malipo ukionyesha risiti, zikiwemo LGA1700 zilizoanza 2021. Madabodi yangu ikifa kesho, kipoza kinahamia kwenye ijayo. Risiti nimeibandika kwa gundi ndani ya kifuniko cha sanduku lake, pamoja na skrubu zilizobaki.