Somo la majaribio la judo: jinsi ninavyompima mwalimu kabla ya kulipa

Katika vyote nilivyotumia kumjua mwalimu wa judo, somo moja la majaribio limenifaa kuliko vyeti na vikombe vya ukutani. Saa moja na nusu inatosha, ukijua pa kutazama.

Kwanza naangalia anampokeaje mgeni. Anayeijua kazi hamrushi mtu siku ya kwanza, anamfundisha kuanguka. Kidevu kinabanwa kifuani ili kisogo kisiguse mkeka, na mkono unaupiga mkeka kwa kiganja na kigasha chote kwa pamoja, ukiwa umeachana kidogo tu na ubavu. Ukinyooshwa hadi usawa wa bega, bega ndilo linalopokea kishindo. Mtu akijizuia kwa kutanguliza kiganja nyuma, kifundo cha mkono au kiwiko kinateguka. Makosa haya mawili hutokea karibu kila somo la wapya, kwa hiyo mwalimu anayepita akisema "vizuri, vizuri" bila kumshika mtu mkono na kuurudisha mahali pake, namkata alama nyingi.

Kwenye maonyesho ndiko watu wengi hudanganyika. Mwanafunzi anayerushwa na mwalimu wake kila siku amekwisha kuzoea kuruka mwenyewe, hivyo kila mrusho unapendeza. Mimi natazama osoto gari, ule wa kufyeka mguu kwa nyuma. Fundi huvuta mkono wa jaketi na kusukuma kola mpaka uzito wa mwenzake uangukie kisigino kimoja, anaingiza mguu wa kusimamia pembeni yake, kifua kinagusana na kifua, ndipo anafyeka. Asiyeujua hutanguliza mguu huku kifua chake kiko mbali. Mbele ya mtu aliyesimama imara anabaki kwa mguu mmoja, na hapo anapigwa ngwala ileile.

Swali ninalouliza ni hili: "Mwalimu, akikataa kurudi nyuma je?" Jibu zuri unaliona kwa mwili. Anayekataa kurudi nyuma huegemea mbele, na mwalimu anageuka papo hapo kuingia seoi nage, ule mrusho wa kumpitisha mtu begani. Jibu la "huyo hajafanya inavyotakiwa" au kuongeza nguvu tu linanitosha kuondoka.

Kano Jigoro alipoanzisha judo mwaka 1882, aliipa randori nafasi kubwa, yaani kupambana huru na mtu anayekataa kurushwa. Hapa siwatazami mabingwa wa darasa, maana wengine wamekuja na kipaji chao au wamefundishwa kwingine. Nawatazama wa mikanda ya katikati. Je, wanamrusha mtu anayepinga, au wanasukumana wameinama mpaka kengele? Mwalimu mzee au mwenye goti bovu asipoingia mkekani simhesabii kosa, kwa kuwa kazi yake inaonekana kwao. Wakikabana chini, macho yake yasitoke shingoni. Kabali iliyokaa sawasawa hukata damu inayokwenda kichwani, na mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde kama 10, pengine bila kuwahi kugonga mkeka kuonyesha amesalimu amri. Mwalimu makini huitenganisha jozi mara tu mkono wa aliyekabwa unapolegea.

Kuhusu mkanda mweusi, nauliza tu umetolewa na nani na lini, kisha nathibitisha kwa shirikisho lililoutoa. Mwalimu wa kweli hakasiriki kuulizwa. Anayedai dani za juu, yaani madaraja ya mkanda mweusi, katika michezo mitano tofauti simpotezei muda.

Hata somo likinifurahisha, nalipa mwezi mmoja tu, kamwe si mwaka mzima. Wapya huingizwa randori baada ya wiki kadhaa, na kabla ya hapo hujaona kama mwalimu atakuchagulia mwenza wa uzito wako au atakutupia yeyote aliye karibu.